Shemeji yuko Tampere, sisi tuko Sahare: kuupisha umeme wa jioni bila kupoteza usingizi

SWALI

"Mtaalamu, habari za kazi. Naandika kutoka Sahare, Tanga. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anaishi Tampere, Finland. Anasema nyumba yake inapashwa joto kwa pampu ya umeme, na siku za baridi kali, umeme ukipanda bei, pampu hujizima yenyewe saa moja au mbili na wao ndani hawasikii kitu. Huku kwetu jioni umeme unakuwa mdogo, taa zinafifia, friza inaunguruma lakini haigandishi. Tuna viyoyozi viwili, kimoja sebuleni na kimoja chumbani, friza ninayouzia barafu, friji, na hita ya maji ya lita 50. Nimemwambia mume wangu na sisi tuwe tunazima baadhi ya vitu jioni. Amekataa. Anasema nyumba ina mama yake mzee na mtoto wa miezi minne, na hayo ni mambo ya watu wa nchi za baridi. Nani kati yetu yuko sahihi? Na ikija siku tukaambiwa viyoyozi vyetu vitazimwa kwa mbali, tukubali?"

JIBU

Dada yangu, nyote wawili mko sahihi, ila mmegombea kifaa ambacho si cha kuanza nacho. Kiyoyozi ndicho kinachoonekana kula umeme, kwa hiyo kila mtu hukimbilia hicho. Kabla ya kuzima kitu chochote saa za kilele, yaani saa moja hadi saa nne usiku ambapo kila nyumba inatumia umeme kwa pamoja, jiulize kwanza: kikizimwa, joto lake au baridi yake imebaki wapi? Palipo na akiba, unazima na mtu asijue. Pasipo na akiba, unachokata ni raha ya mtu moja kwa moja, na hapo mume wako ana kila sababu ya kukataa.

Tuanze na Tampere, maana shemeji yako hasemi uongo. Nyumba za Finland zimejengwa kupambana na baridi: ukuta mnene uliojazwa sufi ya kuzuia joto, madirisha ya vioo vitatu, mlango unaofunga kabisa. Wahandisi hupima uwezo wa nyumba kushikilia joto kwa saa. Chukua nyumba ambayo kipimo chake ni saa 60. Nje ni nyuzi joto 10 chini ya sifuri, ndani ni 21, tofauti ya nyuzi 31. Ukizima pampu kwa muda wa saa mbili, ndani patashuka nyuzi moja hivi (31 mara 2, gawanya kwa 60), na hapo sijahesabu joto la watu wenyewe, jiko na friji. Nyumba ya shemeji yako ni chupa ya chai, ndiyo maana hasikii kitu.

Sababu ya kuzima anayo pia. Finland watu wengi wananunua umeme kwa bei inayobadilika ndani ya siku. Tarehe 5 Januari 2024, katikati ya baridi kali, bei ya soko la jumla ilifika karibu euro 1,900 kwa megawati-saa, yaani yuniti 1,000. Kwa hesabu yetu hiyo ni zaidi ya shilingi 5,000 kwa yuniti moja, kabla ya kodi. Mwenye jiko la kuni aliwasha kuni. Na Ufaransa, ambako nyumba nyingi hupashwa joto kwa umeme, kila nyuzi moja ya baridi inayoongezeka wakati wa majira ya baridi huongeza mahitaji ya nchi kwa takriban megawati 2,400. Bwawa letu la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, na mitambo yake yote tisa, ni megawati 2,115. Yaani baridi ikizidi kwa nyuzi moja tu kule, bwawa zima la Rufiji halitoshi kuiziba. Ndiyo maana wenzetu wanahangaika sana na pampu za majumbani.

Sasa rudi Sahare. Tofauti ya joto kwetu ni ndogo. Kaskazi ikipamba moto nje ni nyuzi 32, ndani unataka 25 au 26. Ungedhani basi kazi ni nyepesi kuliko ya Tampere, lakini nyumba yetu haikujengwa kufunga. Dirisha la vioo vya kusukuma lina mwanya, mlango una nafasi chini, juu ni mabati, na kama kuna dari, kati ya dari na bati ni hewa ya moto tupu. Kisha kuna mambo mawili ambayo Tampere hawayajui.

La kwanza ni fukuto. Mtu wa Tanga haonewi na joto peke yake, anaonewa na joto lililoshikana na unyevu. Kiyoyozi kinafanya kazi mbili, kinapoza hewa na kinaikausha. Yale maji yanayodondoka nje kwenye mpira ndiyo unyevu uliotolewa chumbani. Kikizimwa, unyevu unarudi haraka kuliko joto. Tena kuna kosa hufanyika hapa: watu hubonyeza rimoti kikabaki na feni yake tu, wakidhani wanaokoa umeme na bado wanapata upepo. Feni hiyo inapuliza juu ya mabomba yaliyolowa maji na kuurudisha unyevu uleule chumbani. Baada ya dakika chache shuka zinanata mwilini ingawa kipimajoto kimepanda kidogo sana. Ukizima kiyoyozi, kizime chote, uwashe pangaboi.

La pili ni ukuta wa magharibi. Hili naomba mlitazame kwa makini, maana kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote. Bati hupata moto mchana na kupoa jua likizama. Tofali la saruji haliko hivyo. Ukuta wa bloku wa inchi sita hulichukua joto la jua nje na kulitoa ndani takriban saa nne baadaye. Jua la Tanga huanza kuupiga ukuta wa magharibi kwa nguvu kuanzia saa tisa alasiri. Jumlisha saa nne, unafika saa moja usiku. Kuanzia hapo hadi saa nne usiku ukuta unawapashia joto chumbani, na ndizo saa zilezile ambazo kila nyumba imewasha taa, televisheni, pasi, friji na kiyoyozi. Weka kiganja chako kwenye ukuta huo kwa ndani saa mbili usiku, kisha kiweke kwenye ukuta wa mashariki; hutahitaji kipimo. Wazee waliojenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene za nusu mita kama zile za nyumba za zamani za Bagamoyo na Pangani, walikuwa na ukuta unaochelewesha joto zaidi ya nusu siku. Jua la alasiri lilifika ndani alfajiri likiwa limekwisha nguvu. Sisi tulichukua bloku kwa sababu ni rahisi na ya haraka, tukaupata na ukuta unaotoa moto saa mbaya.

Kwa hiyo kabla hujanunua swichi yoyote, tia kivuli ukuta huo. Mti, kibaraza, hata makuti yaliyofungwa kwenye fito na kuachwa umbali wa futi moja kutoka ukutani ili upepo upite katikati. Paka chokaa nyeupe kwa nje. Kivuli hakihitaji LUKU, hakimnyimi mtu raha, na kinaondoa mzigo wenyewe badala ya kuuahirisha.

Baada ya hapo ndipo tuje kwenye akiba mliyo nayo.

Akiba yako kubwa kuliko zote ni friza ya barafu, na nadhani hujawahi kuihesabu hivyo. Tuseme imejaa, kilo 60 za barafu na samaki, kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Joto linalopenya kwenye kuta zake katika chumba cha nyuzi 30 ni kama wati 50. Ukiizima kuanzia saa moja kasoro usiku hadi saa nne na nusu hivi bila kuifungua, ndani itapanda nyuzi tano tu. Bado uko nyuzi 13 chini ya sifuri, barafu ni jiwe. Ikiwa na kilo 20 tu, muda uleule inapanda nyuzi 15, na hapo umeshakaribia kuyeyusha. Friza iliyojaa ina subira, tupu haina. Kama biashara imekwenda vizuri na imebaki nusu, jaza nafasi kwa chupa za maji. Mwongozo unaotumika sana kwa umeme unapokatika ni kwamba friza iliyojaa na kufungwa huhifadhi chakula hadi saa 48, iliyojaa nusu saa 24, na friji ya kawaida saa nne. Nawe unaomba saa tatu na nusu tu.

Lakini angalia saa ya kupakia. Wauza barafu wengi hujaza mifuko ya maji jioni baada ya kumaliza kuuza, yaani saa kumi na mbili, saa moja. Kilo 30 za maji ya bomba kugeuka barafu ni mzigo wa karibu yuniti mbili na nusu za umeme, na ukiupakia saa hiyo kompresa haipumziki kilele chote, tena kwa umeme mdogo. Ndiyo friza inayounguruma bila kugandisha. Pakia saa nne na nusu usiku, ukienda kulala. Umeme umeshapata nguvu, chumba kimepoa, na kompresa inapata usiku mzima wa kugandisha. Usipofanya jingine lolote katika barua hii, fanya hili.

Friji iache kando kama ndani kuna dawa. Kama mama mkwe anatumia insulini, ile inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na mimi siwezi kukushauri uichezee kwa ajili ya wati mia moja.

Hita ya maji ni akiba ya pili. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 27 hadi 60 kunahitaji yuniti 1.9, kama shilingi 680. Hita ya wati 1,500 inaimaliza kazi hiyo ndani ya saa moja na robo hivi. Iwashe saa nane mchana, izime. Tangi lenye sufi nzuri litapoteza nyuzi nne au tano hadi saa mbili usiku. Mama anaoga, mtoto anaogeshwa kwa maji yaliyochanganywa na ya baridi, na hakuna aliyekosa kitu. Usishushe kipimo chini ya 60 ukidhani unaokoa, kwa sababu bakteria aina ya Legionella hustawi kwenye maji ya vuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45. Anayetumia shawa ya moto ya papo kwa hapo, ile inayovuta kilowati tatu na nusu hadi tano na nusu kwa mpigo, hana akiba yoyote; yeye cha kufanya ni kuoga kabla ya magharibi. Ndugu zetu wa Lushoto, ambao usiku wa Julai hawaogi bila maji moto, wana sababu kubwa zaidi ya kununua tangi badala ya shawa.

Hapo tumeshaondoa kwenye kilele friza na hita bila kumgusa mtoto wala bibi yake. Sasa kiyoyozi.

Cha sebuleni nakuambia moja kwa moja: jioni kizimeni. Sebule ina mlango unaofunguliwa kila dakika, watu wako macho, wanaweza kutoka barazani, na pangaboi la wati 60 au 75 linatosha. Upepo wa kadiri juu ya ngozi humfanya mtu aone kama joto limepungua nyuzi mbili au tatu. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kwa saa tatu hizo kinavuta kilowati moja au zaidi, kupoza hewa inayotoka mlangoni.

Cha chumbani ndicho cha kulindwa, na hapa nataka nieleze vizuri kwa sababu wengi wanakosea namna ya kukitumia. Chumba cha mita tatu kwa nne kina hewa isiyofika kilo 40. Kuta zake ni tani kadhaa. Ukiwasha kiyoyozi saa mbili usiku ukakiweka 18, unapoza zile kilo 40 upesi na kujisikia vizuri, lakini ukikizima tu, tani za ukuta zinairudishia hewa joto lake ndani ya dakika kumi au kumi na tano. Hapo ndipo watu husema kiyoyozi hakizimiki. Cha kupozwa ni ukuta, na ukuta hautaki namba ndogo kwenye rimoti, unataka muda. Funga mapazia mapema. Washa saa kumi na moja na nusu jioni, weka 24, acha hadi saa moja usiku. Kisha panda 27 na pangaboi likizunguka polepole hadi saa nne. Kompresa itakuwa inalala muda mrefu katikati. Saa nne na dakika kadhaa rudisha 25 au 26, mlale.

Mnaweza kuuliza 27 nimeitoa wapi. Wataalamu wa raha ya mwili ndani ya majengo walichunguza watu wa nchi nyingi na kuona kwamba wakazi wa sehemu zenye joto hawatamani chumba cha nyuzi 22. Kanuni iliyomo kwenye kiwango cha Marekani cha ASHRAE 55, kwa nyumba zinazotumia upepo wa madirisha, ukiipa wastani wa nje wa nyuzi 28 inakupa takriban 26.5 kama joto linalowaridhisha wengi, na nyuzi tatu na nusu juu yake bado wanane kati ya kumi hawalalamiki. Kiwango hichohicho kinazungumzia na kasi: joto la chumba lisipande zaidi ya nyuzi 1.1 ndani ya robo saa, wala zaidi ya 2.2 ndani ya saa moja. Mtu huvumilia kupanda polepole kuliko kupanda ghafla, na ndiyo maana kupoza ukuta kabla kuna thamani kubwa kuliko kupoza hewa. India, nchi inayojua joto, tangu Januari 2020 inataka viyoyozi vya majumbani vitoke kiwandani vikiwa vimewekwa 24. Japani tangu 2005 imekuwa ikihimiza ofisi kuweka 28 wakati wa kiangazi, na wafanyakazi kuacha tai nyumbani.

Lakini kanuni hizo zimetoka kwa watu wazima wenye afya, na nyumba yako haina hao tu. Mzee hutoka jasho kidogo na kiu humchelewea. Anaweza kuwa amezidiwa na joto asiseme. Mtoto wa miezi minne hawezi kujifunua. Kwa hao, msiende kwa kipimajoto peke yake. Mguse mtoto kifuani au shingoni nyuma. Akiwa na jasho au ngozi ya moto, mpunguzie nguo na rudisha 25 hapohapo, kilele au si kilele. Chandarua hupunguza sana upepo unaomfikia, kwa hiyo pangaboi liongezwe kasi mtoto akiwa ndani ya chandarua. Bibi awekewe maji karibu, na akisema anasikia joto, aaminiwe bila mjadala. Mume wako hana haja ya kukushinda kwa hoja ili watu hawa wawili wapate nyuzi zao, na wewe pia huna haja ya kuwadai. Friza na hita zimeshafanya kazi kubwa kuliko ambayo chumba chao kingeifanya.

Sasa kwa nini mhangaike hata kidogo? Kwa fedha peke yake, sababu ni ndogo. Mteja wa kawaida wa majumbani hapa kwetu, kundi la T1, analipa shilingi 292 kwa yuniti, ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1 inafika kama 356. Bei ni hiyohiyo saa mbili usiku na saa tisa usiku. Kwa hiyo kuhamisha matumizi kutoka saa moja kwenda saa nyingine hakukupi hata shilingi. Unachookoa ni kile unachopunguza kabisa. Kiyoyozi cha sebuleni kikipumzika saa tatu kila jioni ni yuniti mbili au tatu, shilingi 700 hadi 1,000 na kitu. Hizo ni zako. Lakini mtu asikuambie utatajirika kwa kuchelewesha hita.

Faida yako kubwa iko kwenye nguvu ya umeme wenyewe. Tangu mitambo ya Rufiji ianze kuwashwa Februari 2024, tatizo la jioni katika mitaa mingi halitoki tena kwenye bwawa, liko njiani: umbali wa nyaya, na transfoma ya mtaa. Ndiyo maana mwaka 2025 serikali ilizungumzia kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya kanda ya kaskazini huku bwawa likiwa na umeme wa kutosha. Umeme hupotea njiani. Chukulia transfoma ya kVA 100, yaani isiyobeba zaidi ya kilowati 100, yenye nyumba 60. Miaka kumi iliyopita nyumba tano zilikuwa na kiyoyozi, leo thelathini. Viyoyozi thelathini ni kilowati thelathini juu ya pasi, friji na majiko. Volti 230 zinashuka hadi 190, hadi 180. Na kwenye volti 180 nguvu ya mota kuanza kuzunguka inabaki kama asilimia 61 ya kawaida, kwa sababu inashuka kwa mraba. Kompresa inajaribu kuanza, inashindwa, inajipasha moto, inakatika, inajaribu tena. Hivyo ndivyo friza nyingi za mwambao zinavyokufa. Kuipumzisha friza saa za kilele kwanza kabisa ni kuiokoa friza yenyewe.

Ila tahadhari moja ambayo hata Ulaya imewapa taabu. Mkikubaliana mtaa mzima kuzima hadi saa nne, na saa nne kamili wote mkawasha, mmetengeneza kilele kipya, kibaya kuliko cha kwanza. Kila friza imepata joto kidogo, kila chumba kimepanda, hakuna kompresa inayopumzika, zote zinataka kwenda pamoja, na mota ikianza huvuta mara tano au sita ya mkondo wake wa kawaida kwa muda mfupi. Ndicho kinachotokea pia umeme ukirudi baada ya kukatika, fyuzi ya transfoma inaruka na mtaa unarudi gizani. Dawa yake ni kupishana. Nyumba yako iwashe saa nne na dakika kumi, ya jirani na ishirini, ya pili yake na nusu. Kwenye friza na kiyoyozi weka kilinzi cha volti chenye kuchelewesha dakika tatu hadi tano kabla ya kuwasha. Mafundi wa Ngamiani wanavijua na kuvifunga.

Nimebakiza swali lako la mwisho, la kuzimiwa kwa mbali. Jambo hilo si geni duniani. New Zealand na Afrika Kusini zimekuwa zikizima hita za maji za majumbani kwa ishara inayotumwa kwenye nyaya zenyewe za umeme kwa miongo mingi, na watu hawagombi, kwa sababu tangi ni akiba. Ujerumani tangu Januari 2024 ina sheria inayoruhusu mwenye nyaya kupunguza umeme wa pampu mpya za joto mtandao unapozidiwa, lakini haruhusiwi kushuka chini ya kilowati 4.2, na mteja anapewa punguzo la gharama za nyaya kwa kukubali. Ufaransa wana mpango wa bei uitwao Tempo: siku 22 za mwaka umeme ni ghali sana, siku 43 za kati, 300 rahisi, na unaambiwa siku moja kabla.

Ukiangalia hizo zote utaona mteja amepewa kitu: taarifa mapema, kikomo kisichovukwa, au fedha. Kwa hiyo likikujia pendekezo kama hilo, hita ya tangi kubali bila wasiwasi, na friza kubali kama muda hauzidi saa nne na wewe ndiye unayechagua saa ya kupakia. Kiyoyozi cha chumbani usikubali mpaka uone mambo haya kwenye maandishi: kwamba hakizimwi kabisa bali kinapandishwa nyuzi mbili au tatu, kwamba muda wake una mwisho unaojulikana, na kwamba kuna kitufe ndani ya nyumba cha kukataa usiku huo bila faini wala maswali. Kitufe hicho kikae mahali ambapo bibi anaweza kukifikia, si kwenye simu ya mume wako aliyeko kazini. Na kwa bei yetu ya sasa isiyobadilika na saa, dai punguzo. Raha ya nyumba yako ina thamani, anayeihitaji ailipie.

Kabla ya kununua chochote, nisaidie vipimo. Azima voltimita kwa fundi, pima kwenye soketi ya friza saa kumi na mbili jioni, saa moja, saa mbili, saa tatu na saa nne usiku, kwa wiki moja, na uandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Kama saa mbili mko chini ya volti 200 siku nyingi, peleka nakala ya daftari hilo kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha nendeni pamoja kwenye ofisi ya umeme ya wilaya. Malalamiko ya mtaa yenye namba hushughulikiwa tofauti na ya mtu mmoja yasiyo na namba. Nakala nyingine nitumie mimi, na uniambie ukuta wa chumba cha mtoto unaangalia upande gani.